Mabano Mawili

Mwaka ule masika yalikuwa yameinywesha Serengeti hadi kooni, na ng'ombe walioletwa mnadani Mugumu walikuwa wamenona, ngozi zao zikimeta kama viatu vya Jumapili. Owuor hakwenda pale kununua ng'ombe. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, mwandishi wa programu za kompyuta mwenye ofisi ya chumba kimoja Nkende, mjini Tarime, na alikuwa amemfuata mteja aliyemwahidi kazi. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi kwa makini. Avaaye shati jeupe mnadani amejitakia mwenyewe. Mkia wa mtamba mmoja, ulioloa kinyesi, ulimchapa kutoka begani hadi kiunoni.

"Pole," ilisema sauti ya kike kutoka upande wa pili wa mtamba. "Amekupenda huyo. Asiowapenda huwapiga teke."

Owuor akainama kumtazama msemaji. Msichana alikuwa amechuchumaa, suruali yake ya kaki imeingizwa ndani ya mabuti ya mpira, kilemba cha kitenge chekundu kichwani, na penseli imechomekwa katika kilemba hicho. Mkononi alishika tepu ya kupimia.

"Badala ya kunikodolea macho, shika mwisho wa tepu. Na usiachie mpaka nikuambie."

Owuor akashika. Tepu ikazunguka kifua cha mtamba na kurudi mkononi mwa msichana.

"Soma."

"Mia moja na hamsini."

"Mia moja na hamsini nini? Debe?"

"Sentimita, mwalimu."

"Ahaa. Na urefu nimekwisha pima, mia na ishirini." Akafumba macho muda wa kuvuta pumzi mbili. "Kilo mia mbili na hamsini. Achia."

Owuor hakuamini. Akamtaka aitaje kanuni yake, akaikokotoa kwa simu, na simu ikajibu mia mbili na hamsini, wala si punje zaidi.

"Umekariri," akasema.

"Kukariri ni kazi ya kasuku. Mimi ni binti wa Mwalimu Nyamhanga wa Matongo. Kwetu, aliyekosa hesabu ya kichwa aliwatazama wenzake wakila."

Jina lake lilikuwa Mokami, afisa mifugo wa ushirika wa wafugaji. Kwa miaka miwili alikuwa amewapima ng'ombe mia nne wa kienyeji kwa tepu, kisha akawapandisha kwenye mizani mmoja mmoja, mpaka akapata kanuni ya kukadiria uzito wa ng'ombe pasipo mizani. Hakufanya hivyo kwa mchezo. Mbung'o wa porini huleta nagana, na dawa ya nagana hutolewa kwa kilo: ikipungua haiponyi, ikizidi inaua.

"Mbona usiiingize katika simu, kila mfugaji akaitumia?" Owuor aliuliza.

"Sijampata mtu wa kuifundisha simu."

"Umempata. Amechafuka kidogo, lakini yupo."

Mokami akacheka, na kicheko kile kilimpata Owuor mahali ambapo mkia wa mtamba haukufika.

*

Wiki iliyofuata alikuja Nkende. Mabuti ameyaacha, amevaa gauni la njano lenye mikono mifupi, shanga nyembamba shingoni, na nywele amezisuka kwa mistari iliyonyooka kama matuta ya mihogo. Akaketi kando ya Owuor, akafungua daftari la mistari, la aina ile wanayobeba wanafunzi wa msingi.

"Tazama," akasema, kidole kikifuata wino wa buluu. "Mzunguko wa kifua mara mzunguko wa kifua, mara urefu, gawanya kwa elfu kumi na mia nane. Hizo ni kilo za ng'ombe aliyenona. Sasa zizidishe kwa hii ya mwisho: moja, toa sifuri nukta moja tano kwa kila daraja la kukonda. Daraja sifuri, amenona. Daraja la tatu, mbavu zake unazihesabu ukiwa ng'ambo ya mto."

"Na mimi ni daraja la ngapi?"

"La nne. Nisikilize. Unauona mstari huu nilioupiga juu ya hiyo moja na kinachotolewa? Tata, baba yangu, hakupenda mabano. Yeye alisomeshwa mstari wa juu, akatusomesha huo huo. Anasema vilivyo chini ya dari moja ni kaya moja. Maliza mambo ya kaya kwanza, ndipo utoke nje ukazidishe."

"Naam," Owuor aliitikia.

Lakini naam yake haikuwa na mtu ndani. Alikuwa akikitazama kidole, asitazame kilichoonyeshwa. Aliwaza jinsi kucha zile fupi, zilizokatwa kwa ajili ya kazi ya ng'ombe, zilivyokuwa safi. Akaupiga picha ukurasa kwa simu yake, na katika picha hiyo dari ya kaya ilikuwa imelala juu ya mstari wa daftari, wino juu ya wino, hata asiyejua angesema hapana kitu.

Programu ikakamilika kwa siku tisa. Mfugaji aliingiza namba tatu, yaani mzunguko, urefu na daraja, na simu ikamtajia kilo na kiasi cha dawa. Owuor aliijaribu kwa ng'ombe kumi wa mnadani. Wote walikuwa wamenona, kwa kuwa ilikuwa masika. Wote walikuwa wa daraja sifuri. Majibu yote kumi yalilingana na mizani.

Mokami akampigia simu asubuhi.

"Umeamkaje, fundi wangu asiyeweza kufanya kazi bila kusifiwa?"

"Sijaamka. Nasubiri sifa."

"Nitakusifu ukinijibu. Umeijaribu na kwa waliokonda?"

Ng'ombe waliokonda msimu ule wangetafutwa kwa tochi. Ilikuwapo njia nyingine, kuketi na penseli na kuikokotoa kwa mkono mara moja tu, kazi ya dakika tatu. Owuor hakutaka kuzipoteza dakika tatu za sauti ile tamu.

"Nimeijaribu, jaber wangu," akasema, akimwita mrembo kwa lugha ya mama yake.

"Basi wewe ni mwanamume kweli. Jumamosi nakupeleka kwa Tata."

Hivyo ndivyo uongo mdogo unavyoingia nyumbani: hauvunji mlango, hukaribishwa kwa jina la mahaba.

*

Mwalimu Nyamhanga alikuwa mzee mrefu, suti yake ya kahawia imefungwa vifungo vyote hata wakati wa jua. Ng'ombe wake walikuwa zizini, na mbele yao fahali mkubwa aitwaye Meja, ambaye mzee alimlea kwa mkono tangu mama yake alipokufa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umetoka kwa nani?"

"Kwa mzee Owuor wa Sirari, marehemu. Nimelelewa na baba mdogo, Okumu, mfanyabiashara wa mpakani."

"Na kazi yako ni kufundisha mashine hesabu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nimefundisha watoto miaka thelathini na minane. Mtoto akikosea, anaona haya, na haya humrudisha kwenye kosa lake. Mashine haina haya. Kwa hiyo anayeifundisha awe nayo ya watu wawili."

Mokami alikuwa nyuma ya baba yake, akimfanyia Owuor ishara ya kufunga kifungo cha juu cha shati. Owuor akakifunga. Mzee aliona, akajifanya hakuona, na hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa. Siku ile Mokami aliiweka programu katika simu ya zamani ya baba yake. Mzee aliipokea kwa heshima, akaizima data palepale. Alikuwa na imani kwamba simu iliyoachwa wazi ni sawa na nyumba iliyoachwa wazi.

Baba mdogo Okumu alikuja kuzungumza. Wakakubaliana ng'ombe kumi na watano, harusi baada ya kiangazi. Tangu hapo simu za wapenzi hao hazikupoa.

"Umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Mimi nimeshiba sauti yako."

"Muongo. Nasikia unatafuna."

"Natafuna muwa, nikuite wewe mtamu nikiwa na ushahidi."

*

Kiangazi kilikuja mapema, kikakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Nyasi zilikwisha. Wafugaji wakasogea karibu na pori kutafuta majani, mbung'o wakawapokea, na mwezi wa tisa nagana ikapanda kutoka huko na kuingia vijijini. Mokami alizunguka na pikipiki ya ushirika, tepu shingoni, sanduku la dawa nyuma. Kwa siku tatu aliwachoma sindano ng'ombe thelathini na mmoja, wote wa daraja la tatu, wote kwa kiasi kilichotajwa na simu.

Siku ya nne, saa sita mchana, Owuor aliipokea simu yake akiwa anatabasamu.

"Owuor, wanalala." Sauti ya Mokami ilikuwa kavu. "Wanatetemeka, wanalala, hawaamki. Wa mama Waisiko wanne. Alikuwa na sita tu. Wa kwetu saba. Meja yuko mbele yangu sasa hivi, ameweka kichwa juu ya mguu wa Tata."

"Tulia, mpenzi. Labda ni ugonjwa wenyewe."

"Hapana, ni dawa. Niliziona kilo, nikaona ni nyingi mno kwa mifupa ile. Nikajiambia, Owuor ameijaribu. Ingiza hizi za Meja. Mzunguko mia na themanini, urefu mia na hamsini, daraja la tatu. Unipe jibu."

Owuor alifungua kompyuta mpakato yake. Mashine ikasema kilo mia nne arobaini na tisa, nukta tano tano. Akachukua penseli, akakokotoa kwa mkono. Mia nne na hamsini, mara moja toa sifuri nukta nne tano. Mia mbili arobaini na saba na nusu.

Akaifungua ile picha ya daftari, akaikuza mpaka wino ukawa mpana kama mfereji. Pale juu ya kaya, mstari wa daftari ulikuwa mnene kidogo kuliko ndugu zake, na ncha yake ya kulia ilizidi kwa upana wa unywele. Dari. Alikuwa ameiingiza kaya katika mashine bila dari. Na mashine, mtumwa asiye na haya, ilizidisha kwanza kwa moja, kisha ikatoa kile kilichobaki kana kwamba ni sehemu ya kilo moja. Kwa ng'ombe aliyenona haikuwa na madhara, maana hapakuwa na cha kutoa. Kwa aliyekonda, ilimhesabia nyama aliyoipoteza, ikampa dawa ya ng'ombe wawili.

Dawa yake ilikuwa mabano mawili. Owuor aliyaandika, moja kushoto, moja kulia. Akalituma toleo jipya, na simu zote zilizokuwa na data zikalipokea kimyakimya. Kisha akainua simu yake. Tuseme haki: alipokuwa akibonyeza namba za Mokami, alikusudia kusema kweli.

"Owuor," Mokami alisema, na nyuma yake palisikika mzee akiliita jina la fahali. "Meja amekufa. Niambie. Programu ina kosa?"

Alifikiri juu ya sauti ile ya mzee. Alifikiri juu ya ng'ombe kumi na watano wa mahari, juu ya ofisi yake, juu ya uso wa Mwalimu.

"Nimeikagua," akasema. "Programu haina kosa."

Maneno hayo yalikuwa kweli kwa dakika sita tu, tangu alipoyaandika mabano.

*

Wote thelathini na mmoja walipokwisha kufa, wazee waliitisha ritongo, baraza la Wakurya, chini ya kilima cha Matongo. Mokami alisimamishwa katikati, amevaa gauni jeusi, kilemba hana. Hezekia, mwenyekiti wa ushirika, alimwamuru akokotoe uzito wa Meja kwa mkono. Akapata mia mbili arobaini na saba na nusu. Hezekia akamwita Owuor na simu yake. Simu ikasema mia mbili arobaini na saba na nusu.

"Basi kanuni ni nzima, na mashine ni nzima," Hezekia alisema. "Kilichobaki ni kidole. Owuor, wewe ndiye mtaalamu. Inawezekanaje?"

Mokami alimgeukia. Macho yake hayakumwomba kumtetea. Yalimwomba kumweleza tu, maana yeye mwenyewe alikuwa amekosa kuelewa.

"Huenda," Owuor alisema polepole, "alichoka. Daraja likabonyezwa sifuri badala ya tatu. Huweza kutokea kwa mtu yeyote."

"Mara thelathini na moja?" Mwalimu Nyamhanga aliuliza kutoka aliposimama. "Anayekosea kwa uchovu hukosea kwa njia nyingi. Kosa likirudi mara thelathini na moja bila kubadili sura, hilo si la mkono uliochoka."

"Mwalimu, wewe ni baba yake," Hezekia alijibu, na hapo hoja ya mzee ikafa kama fahali wake.

Mama Waisiko, mjane wa makamo, alisogea mbele. Alikuwa amebeba kengele nne za ng'ombe. Alizivisha shingoni mwa Mokami moja moja, bila haraka.

"Tembea," akasema. "Nilizoea kuzisikia asubuhi. Usininyime na hilo."

Mokami akatembea. Kengele zikalia hadi nyumbani kwao, na hapana aliyecheka. Laiti wangecheka, ingekuwa nafuu. Baraza lilikata kwamba asiguse tena ng'ombe wa mtu yeyote, na ushirika ukamwondoa kazini siku ileile. Jioni alimwambia Owuor kwa simu, "Nimejaribu kukumbuka. Naona kidole changu kikibonyeza tatu. Halafu naanza kukiona kikibonyeza sifuri. Sijui tena nilichokiona."

"Usijitese, jaber. Yamepita."

"Usinipigie kwa muda," Mokami akasema. "Naona aibu mbele yako."

*

Miezi miwili Owuor hakumwona. Aliposikia habari zake, alikuta ameajiriwa kuponda mawe ya dhahabu Nyakunguru. Akamfuata kwa bodaboda. Wanawake walikuwa wameketi kwa safu, kila mmoja na nyundo yake, na vumbi limewafanya wote kuwa wa rangi moja. Alimtambua kwa shingo yake. Ile shanga haikuwapo.

"Umekuja kununua kokoto?" Mokami aliuliza bila kuinua uso.

"Nimekuja kukuchukua."

"Nani anachukua mwanamke aliyeua ng'ombe?"

"Mimi. Yaliyopita siyajali, Mokami. Nimekusamehe hata kabla hujaniomba."

Nyundo ikasimama hewani. Mokami akamtazama, na machozi yakachora njia mbili katika vumbi la mashavu yake. Aliishika mikono ya Owuor, akaibusu viganja, kwa shukrani.

Katika maisha yake yote Owuor hakupata kupigwa kofi lililouma kama busu lile. Akalivumilia. Mwizi huzoea uzito wa alichoiba.

Baba mdogo Okumu alirudi Matongo kwa mazungumzo mapya, akarejea akisugua mikono. "Sasa hawa watu wamekuwa wapole," alimwambia Owuor. "Msichana ana doa, hata wenyewe wanajua. Kutoka kumi na watano, tumeshuka mpaka nane. Bahati kama hii huletwa na Mungu tu, kijana wangu."

Owuor alinyamaza, na ukimya wake ukala ng'ombe saba.

Simu zikaanza upya, ila Mokami alikuwa amepata desturi mpya. Wiki tatu kabla ya siku ya mahari alimuuliza kwa utani, "Fundi, hakuna siri unayoificha? Mke wa pili Sirari?"

"Nina mmoja tu, na ananisumbua."

Wiki iliyofuata akauliza tena, bila utani. "Owuor, mtu akiwa na neno zito, si bora alitoe akiwa bado nje ya nyumba?"

"Sina neno, mpenzi."

Siku moja kabla ya siku yenyewe, asubuhi, alimpigia mara ya tatu. Hakusalimu. "Kuna jambo lolote ungependa kuniambia kabla ya kesho? Lolote. Nitalisikiliza lote mpaka mwisho."

Owuor alikuwa kwa fundi wa nguo, akijaribu koti jipya mbele ya kioo. Alijiona. Akageuka upande.

"Ninakupenda," akasema. "Hakuna lingine."

"Haya," Mokami akajibu. "Nimekusikia."

*

Ng'ombe wanane waliingia Matongo saa nne asubuhi, wamekonda kama wote wa mwaka ule, mmoja akikokota miguu na machozi yakimtiririka. Nyuma yao alikuja Okumu na kofia yake ya manyoya, shangazi Adoyo katika gauni la zambarau lenye mabega mapana, na Owuor katika koti jipya. Wazee walikuwa wameketi. Hezekia alikuwapo, na mama Waisiko alikuwapo, jambo lililomshangaza Owuor. Mokami alitoka ndani amevaa gauni lile la njano la Nkende. Lilimpwaya.

"Kabla ya kupokea," Mwalimu Nyamhanga alisema, "nina swali moja la hesabu kwa bwana harusi. Ni desturi ya nyumba hii."

Okumu akacheka. "Muulize tu, Mwalimu. Huyu amesoma mpaka vitabu vinamwogopa."

Mzee akatoa simu yake ya zamani. "Programu uliyoitengeneza imo humu tangu siku ulipokuja kwangu mara ya kwanza. Simu hii haijaonja data tangu siku ile. Ingiza. Mzunguko mia na themanini. Urefu mia na hamsini. Daraja la tatu."

Owuor akaziingiza. Alizijua namba zile kuliko namba ya kitambulisho chake.

"Soma kwa sauti."

Hakusoma.

"Nilikuwa nikiwasubiri watoto wasome hata saa nzima," mzee akasema. "Sina safari."

"Mia nne," Owuor alisema, "arobaini na tisa. Nukta tano tano."

Mokami akamwekea mezani simu yake mwenyewe. Namba zilezile zilikwisha ingizwa. Mia mbili arobaini na saba na nusu.

"Fahali mmoja, majibu mawili," Mwalimu akasema. "Nimeifanya mara thelathini na moja, kwa kila ng'ombe aliyeandikwa katika daftari la binti yangu. Sasa wewe mtaalamu, waeleze hawa. Kidole cha nani?"

Owuor alieleza. Alieleza dari na mstari wa daftari, alieleza mabano mawili na dakika sita, na kila neno lilipotoka, shangazi Adoyo alishusha kichwa zaidi mpaka kitambaa chake kikagusa magoti. Okumu alijaribu kusema, "Lakini si mtu hukosea," akaishia njiani.

"Kukosea alikosea mwezi wa nne," mzee akamjibu. "Hayo mengine si kukosea."

Mama Waisiko hakumtazama Owuor kabisa. Alivuka uwanja, akasimama mbele ya Mokami. Kisha akapiga magoti kwa shida, kama mtu mwenye ugonjwa wa nyonga. Mokami akamwinua kabla goti la pili halijagusa udongo.

"Wanane hawa hawarudi Sirari," Hezekia alisema, sauti yake ikiwa imepungua. "Ni wa waliofiwa. Wanne wa mama Waisiko, waliobaki tutawagawa. Na wengine watafuata mpaka wafike thelathini na mmoja." Akachukua sanduku la dawa lililokuwa chini ya kiti chake, akaliweka miguuni pa Mokami. Hakuomba radhi. Wazee wa namna yake huomba radhi kwa kurudisha vitu.

Owuor akamsogelea Mokami. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu wiki ile uliponitoa Nyakunguru. Tata alinionyesha usiku, sikulala. Alitaka kukuita mara moja. Nikamwambia, hapana, Tata, atasema mwenyewe. Nikakuuliza mara tatu."

"Niliogopa kukupoteza."

"Ungeniambia siku alipokufa Meja, ningelia, kisha ningesimama nawe mbele ya ritongo, tukavaa zile kengele mbili mbili. Ningeolewa nawe kwa ng'ombe mmoja kilema." Sauti yake haikupanda. "Uliniacha nizivae peke yangu. Halafu ukanisamehe. Hilo la kunisamehe, Owuor, nalitafutia daraja, sioni."

"Bado unanipenda?"

"Ndiyo. Mimi sijui kuficha."

Owuor akashika tumaini lile kama mtu anayeshika moshi. Mokami alikuwa amekwisha geuka. Alifungua sanduku, akaitoa tepu, akaenda kwa yule ng'ombe aliyekokota miguu, aliyekuwa wa mama Waisiko sasa, na aliyekuwa na nagana kwa kila dalili. Gauni la njano likaburuzika vumbini alipochuchumaa. Akatazama huku na huku. Wazee walikuwa mbali, na aliyekuwa karibu alikuwa mmoja.

"Shika mwisho wa tepu," akasema.

Owuor akapiga magoti na koti lake jipya katika samadi, akashika. Tepu ikakizunguka kifua cha ng'ombe, ikarudi. Vidole vyao vilikutana juu ya mbavu zile, na Mokami hakuviondoa upesi. Akasoma namba. Akafumba macho muda wa kuvuta pumzi mbili. Akalifungua daftari, akaiandika hesabu yote kwa ukamilifu, na pale penye kaya akapiga dari kwa wino mwekundu, kisha chini ya dari akaandika mabano, moja kushoto, moja kulia. Akaijaza sindano kwa kiasi kilichotakiwa.

Owuor alikuwa bado ameshika.

"Sasa achia," Mokami akasema.